Bolti Moja ya Gurudumu na Ndege Ziendazo Kasi Kuliko Sauti

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika kweli huku Nyanda za Juu Kusini, nilikaa katika ukumbi wa abiria wa uwanja wa ndege wa Songwe tangu saa moja asubuhi hadi karibu saa tano, nikisubiri ndege ya kwenda Dar es Salaam. Wingu lilikuwa limelala juu ya njia ya kurukia, mwisho wake wa pili hauonekani kabisa. Tuliisikia ndege ikifika juu yetu, ikazunguka mara mbili, mngurumo wake ukija na kupotea, kisha ikageuka ikarudi ilikotoka bila sisi kuona hata ncha ya bawa. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mchele kutoka Kyela, ambaye alikuwa anakwenda kumuuguza binti yake na ambaye kwa saa hizo tulikuwa tumekwisha kujuana, alinigeukia kwa uchungu akasema: "Mwalimu, mabasi yamepita Uyole alfajiri hii na ukungu huu huu. Inakuwaje chombo cha mabilioni kishindwe na kitu ambacho basi limekiweza?"

Nilimjibu kwa ufupi kwamba basi halijakiweza, limebahatisha tu. Jibu hilo halikumtosheleza, wala mimi mwenyewe halikunitosheleza, kwa sababu swali lake lilikuwa zito kuliko ukungu wa asubuhi moja. Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria, na makala haya ndiyo jibu ambalo ningependa kumpa kama tungekutana tena.

Wakati anauliza, nilikuwa nikisoma kwenye simu habari za X-59, ndege ya majaribio ya shirika la anga la Marekani, NASA, iliyopaa kwa mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 2025 kutoka Palmdale, California. Imeundwa ili ipite kasi ya sauti bila kutoa ule mshindo unaotikisa madirisha ya watu chini, na kwa ajili hiyo imepewa pua nyembamba, ndefu kupita kiasi, hata rubani hana kioo cha kutazamia mbele. Anaona njia yake kwa kamera na skrini. Nilimwonyesha mzee picha ile. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu na kusema, "Basi huyu amejengewa ukungu wake mwenyewe."

Maneno yale yalinigusa, kwa kuwa ndivyo hali ilivyo. Yupo mtu anayekaa ndani ya chombo kilichokusudiwa kukimbia mara 1.4 ya kasi ya sauti, asione mbele kwa macho yake, na bado tunamwita mtu makini na wala hatumwiti kichaa. Kinachomtenganisha na dereva wa basi lililopita Uyole ni yale yaliyofanyika kabla hajakaa kwenye kile kiti, wala si ujasiri wake.

Wengi wetu tumekua tukidhani kwamba marubani wa majaribio ni watu wa kujitosa. Historia yenyewe inasema vingine. Karibu na usawa wa bahari, hewa ikiwa na joto la nyuzi 15, sauti husafiri takriban kilomita 1,225 kwa saa, na huko juu kwenye baridi kali, kilomita 11 kutoka chini, kasi hiyo hushuka hadi kama 1,060. Ndege inapoikaribia, hewa iliyo mbele yake haipati tena nafasi ya kupisha. Inajibana, inatengeneza mawimbi makali yanayokaa juu ya mabawa na mkia, na vifaa ambavyo rubani anavitegemea kuinua au kushusha pua vinaweza kupoteza nguvu. Mwaka 1946 Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwenye kampuni ya kuunda ndege huko Uingereza, alikufa pale ndege yake aina ya DH 108 ilipovunjika angani katika majaribio ya kasi kubwa.

Mwaka mmoja baadaye, katika jangwa la California, Chuck Yeager alikuwa akiikaribia kasi ile ile ndani ya Bell X-1, ndege ya roketi iliyobebwa chini ya tumbo la ndege kubwa na kuachiwa angani. Hakuivamia. Alikwenda hatua kwa hatua, safari hii kidogo, safari ijayo kidogo zaidi, na kila akitua wahandisi walisoma vipimo kabla ya kumruhusu kurudi. Alipofika asilimia 94 ya kasi ya sauti, alivuta usukani na ndege haikuitikia. Kama angekuwa mtu wa kujitosa, simulizi yake ingeishia hapo. Waliporudi chini, mhandisi Jack Ridley alipendekeza waache kutegemea kile kibao kidogo cha nyuma ya mkia, badala yake wausogeze mkia wote wa mlalo kwa pamoja, jambo ambalo ndege ile ilikuwa na uwezo nalo. Wakalijaribu kwanza kwenye kasi ndogo. Tarehe 14 Oktoba 1947, katika safari yake ya tisa ya kutumia roketi, Yeager alifikia mara 1.06 ya kasi ya sauti na ndege ikamtii.

Naona nieleze pia upande wa pili, maana ndio unaoonyesha thamani ya zile hatua. Tarehe 27 Septemba 1956, Mel Apt aliruka na X-2, ndege nyingine ya roketi ya majaribio, kwa mara yake ya kwanza katika ndege hiyo, na siku hiyo hiyo ya kwanza akawa binadamu wa kwanza kupita mara tatu ya kasi ya sauti. Alionywa mapema kwamba kwenye kasi ile asigeuke kwa nguvu. Aligeuka akiwa bado juu ya mara tatu, ndege ikaanza kujipindua katika pande zote kwa wakati mmoja, na hakuokoka. Alikuwa rubani hodari. Walimpa ngazi bila vipandio vya katikati.

Sasa naomba msomaji anivumilie niondoke angani niingie gereji, kwa sababu mimi ni mwalimu wa ufundi wa magari na haya yote nimeyaelewa kwa njia ya bolti moja.

Mwaka 1996, nikiwa kijana wa miaka 22, nilifanya kazi katika gereji moja ya malori hapa Mbeya. Ilikuja Fuso iliyobeba mbolea ya kwenda Tunduma, na bolti moja ya gurudumu la nyuma ilikuwa imekatika. Fundi mkuu aliniambia nibadilishe ile iliyokatika na niliachie gari, kwa kuwa mzigo ulikuwa unasubiriwa mpakani. Nikabadilisha. Nilikuwa na spana mkononi na taa karibu, na ningeweza kuzitazama bolti zilizobaki, hasa mbili za jirani ambazo kwa muda wote ule zilikuwa zimebeba mzigo wa mwenzao. Sikuzitazama. Siku ya pili yake, kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, gurudumu lilichomoka. Dereva alipona. Utingo, kijana wa umri wangu ambaye jioni ile tuligawana mahindi ya kuchoma, alipoteza mguu.

Niliokota bolti mbili pembeni ya barabara siku iliyofuata, na moja ninayo hadi leo mezani kwangu chuoni. Ukiishika na kuielekeza kwenye dirisha unaona nyuso mbili tofauti katika mahali pamoja palipokatika. Sehemu kubwa, karibu theluthi mbili, ni laini na ina mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ambayo maji ya Ziwa Nyasa huiacha kwenye mchanga wa Matema yanaporudi nyuma. Sehemu iliyobaki ni ya kukwaruza, yenye chembechembe zinazong'aa kama sukari guru iliyovunjwa. Ile laini ni ufa uliokua polepole, kila mzigo ukiusukuma kidogo, pengine kwa wiki nyingi. Ile ya kukwaruza ni sekunde moja ya mwisho. Mafundi huita hali hii uchovu wa chuma. Ninachotaka kusema ni kwamba ajali ya Iwambi haikutokea Iwambi. Ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye chuma kile nilipokuwa nimepiga magoti mbele yake.

Miaka mingi baadaye niliposoma habari za Comet, nililazimika kufunga kitabu na kutoka nje.

De Havilland Comet ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria duniani kutumia injini za jeti. Tarehe 2 Mei 1952 ilianza safari yake ya kwanza ya kibiashara, na safari hiyo ilikuwa ya kuja Afrika: kutoka London kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone hadi Johannesburg, chini ya saa 24. Wazee wetu waliokuwa wakisafiri kwa majuma kadhaa kufika migodi ya kusini wangeshangaa kujua kwamba juu ya upande huu wa bara palikuwa pamepita kitu cha namna hiyo. Ili iende kasi na kupaa juu ambako hewa ni nyepesi, Comet ilibidi ijazwe hewa ndani kwa shinikizo kubwa kuliko ndege zilizoitangulia. Kila safari mwili wake ulivimba kidogo, na kila ikitua ulinywea.

Ndege ile ile iliyofungua njia ya Johannesburg, yenye namba G-ALYP, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari 1954, na watu wote 35 walikufa. Safari za Comet zikasimamishwa. Kamati ikakaa, ikaorodhesha kila sababu iliyowezekana, ikaagiza marekebisho mengi, ingawa chanzo hasa hakikuwa kimepatikana. Tarehe 23 Machi ndege zikaruhusiwa kuruka tena. Siku 16 baadaye, tarehe 8 Aprili, Comet nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, ikiua watu 21. Walikuwa wamebadilisha bolti moja.

Kilichofuata ndicho ninachokifundisha kila mwaka, ingawa hakimo katika mtaala wa malori. Jeshi la majini la Uingereza liliendelea kuvua vipande kutoka sakafu ya bahari, na huko Farnborough wataalamu chini ya Arnold Hall wakavipanga kipande kwa kipande kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Wakati huo huo walichukua Comet nyingine nzima, wakauzamisha mwili wake ndani ya tangi la maji, wakawa wanaujaza shinikizo na kulitoa, usiku na mchana, wakiigiza safari moja baada ya nyingine. Ndege hiyo ilikuwa imekwisha kuruka mara 1,221 katika maisha yake ya kawaida. Baada ya kuigizwa safari nyingine 1,836 ndani ya maji, mwili ulipasuka, na ufa ulianzia kwenye kona ya tundu lililokatwa katika bati la ubavuni. Ndege ya Elba ilikuwa na safari 1,290 tu. Ile ya Naples ilikuwa na 900.

Yapo maelezo mengine yanayonisumbua zaidi. Kiwanda kilikuwa kimefanya jaribio la uchovu kabla, na kipande chao cha mwili wa ndege kilistahimili mizunguko zaidi ya 16,000. Hawakuwa wazembe. Tatizo ni kwamba kipande kile kile kilikuwa kimetumika kwanza katika jaribio jingine, kikasukumwa kwa shinikizo kubwa kupita la kawaida, na msukumo ule ukawa umelifanya bati la kwenye kona kuwa gumu zaidi. Jaribio likawapa jibu la kweli kuhusu kipande ambacho hakikuwa sawa na ndege walizouza. Ninawaambia vijana wangu: mtu anaweza kupima kwa uaminifu na bado akadanganywa na kipimo chake, na ndiyo maana baada ya ajali kazi ya kwanza ni kurudi kwenye kipande chenyewe, kukitazama, hata kama makaratasi yote yanasema kimepita.

Katika uchunguzi wa Comet ndimo mwanasayansi wa Australia, David Warren, alipopata wazo la kinasa sauti cha chumba cha rubani, kile ambacho leo tunakiita kisanduku cheusi ingawa rangi yake ni ya chungwa. Alijiuliza ingekuwaje kama wale waliokufa wangeweza kusema walichokisikia katika dakika zao za mwisho.

Concorde nayo ina sura inayofundisha gereji kuliko chuo kikuu. Ilikuwa ndege iliyobeba abiria kwa mara mbili ya kasi ya sauti, ikipata joto hadi pua yake ikafikia nyuzi 127, na mwili wake ukirefuka angani kwa zaidi ya sentimita 15. Tarehe 25 Julai 2000, ikiondoka Paris, gurudumu lake lilikanyaga kipande cha bati chenye urefu wa sentimita 43 kilichokuwa kimedondoka kutoka ndege nyingine iliyopaa dakika tano kabla. Tairi lilipasuka, kipande cha mpira chenye uzito wa kilo nne na nusu kikagonga chini ya bawa, tangi la mafuta likapasuka, na watu 113 wakafa, wakiwamo wanne waliokuwa chini. Bati lile lilikuwa limefungwa vibaya karakanani. Ndege ya ajabu kuliko zote iliangushwa na kazi ambayo mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angeweza kuifanya vizuri.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Songwe, wakati abiria wenzangu wakilalamika kuhusu pikapu iliyokuwa ikienda polepole kwenye njia ya kurukia na kurudi, mimi niliitazama kwa heshima. Mtu mmoja aliteremka karibu na upande wetu, akainama, akaokota kitu kidogo, akakitia mfukoni. Sijui kilikuwa nini.

Namna ya kuitikia makosa ndiyo inayonivutia kuliko kasi yenyewe. X-15, ndege ya roketi iliyofikia mara 6.7 ya kasi ya sauti tarehe 3 Oktoba 1967, iliruka mara 199 kati ya mwaka 1959 na 1968. Wiki sita baada ya rekodi ile, Michael Adams alipoteza mwelekeo akiwa juu sana. Ndege ilikuwa ikienda ubavu bila yeye kutambua, na waliokuwa chini wakifuatilia hawakuwa na kipimo cha kuwaonyesha pua imeelekea wapi. Ilianza kuzunguka kama pia kwa kasi ya mara tano ya sauti, kisha ikavunjika. Baada ya kifo chake, chumba cha udhibiti kiliwekewa kipimo hicho. Jambo dogo sana, kipimo kimoja tu, lakini kila aliyeruka baada yake alikuwa na watu chini wanaoona pua yake imeelekea wapi. Na tarehe 28 Januari 2025, ndege ya majaribio XB-1 ya kampuni binafsi ya Marekani ilipopita kasi ya sauti juu ya jangwa la Mojave, ilikuwa ni safari yake ya 12. Miezi kumi ilikuwa imepita tangu ipae mara ya kwanza.

Nalinganisha haya na barabara yetu ya kwenda Tunduma. Lori likianguka Iwambi au Senjele, polisi wanapima, magazeti yanaandika kwamba breki zilifeli, wazee wanasema ajali haina kinga, na ndani ya wiki moja mabaki yamekatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Breki ilifeli vipi? Ilikuwa hewa, ilikuwa ngoma iliyopasuka kwa joto, ilikuwa dereva aliyeshuka na gia kubwa? Hatujui, kwa sababu jibu limekwisha kuyeyushwa tukalijengea nondo. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga uliotiwa saini Chicago mwaka 1944 una kiambatisho cha 13 kinachohusu uchunguzi wa ajali, nacho kinaeleza kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19 kati ya 43, utaratibu huo ulianza kufanya kazi hapa kwetu pia. Kwa barabara hatuna kitu kama hicho, na naona ni aibu yetu sote tulio katika kazi hii, tangu mwenye gari hadi anayeshika spana.

Kwa hiyo nimeanza na kile ninachoweza. Katika karakana ya chuo tumetengeneza rafu ya mbao ya vipande vilivyokatika. Kila kipande kina kibandiko: aina ya gari, kilomita zilizotembea, mahali kilipokatikia, na mstari wa mwisho wenye neno "aliyefunga". Kipande cha kwanza ni bolti yangu, na kwenye mstari ule nimeandika jina langu kwa wino usiofutika. Sharti la rafu ni kwamba hakuna anayeadhibiwa kwa kilichomo.

Kwa muda mrefu mstari ule kwenye vibandiko vingine ulibaki mtupu. Wiki iliyopita kijana niliyemfundisha miaka mitatu nyuma alikuja kutoka Mbalizi na kitu amekizungushia gunia. Kilikuwa kipande cha ngoma ya breki, kimepasuka kutoka ukingoni hadi kwenye tundu la bolti, na karibu na ufa ngoma ilikuwa na rangi ya buluu ya chuma kilichoungua. Lori lilikuwa limesimama salama kwenye mchanga wa pembeni, hakuna aliyeumia. Tulikiweka chini ya lensi, tukafuata ufa hadi ulipoanzia, tukaandika kibandiko pamoja. Tulipofika mstari wa mwisho alinyamaza, akanitazama, akaitazama bolti yangu, kisha akaomba kalamu.